Chuma Kilichomshukia Chiriku

Ngumi ya kwanza ilimpata Kijiti kwenye taya, wimbo ukiwa bado katikati. Tarumbeta ziliendelea kulia kidogo kwa sababu wapigaji walikuwa wamekodolea macho nota zao, kisha zikanyamaza moja baada ya nyingine, na mchana ule, katika ukumbi wa dansi, ikabaki sauti ya mtu anayehema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima.

Aliyehema hivyo alikuwa fundi mwashi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, viatu vyake vyeupe kwa saruji, na mikono yake iliyobeba matofali tangu utotoni ilikuwa imekunjwa tayari kwa ngumi ya pili.

"Nilikwambia nini?" alifoka. "Mjomba alikwambia nini? Mama yangu alikwambia nini? Au masikio yako yanasikia piano tu?"

"Kaka!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye kipaza sauti, ikajaa ukumbi mzima. Alikuwa Chiriku, mwimbaji wa bendi, mdogo wake fundi mwashi. Jina hilo alipewa nyumbani alipokuwa mtoto asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, na alipokua akaja nalo jukwaani, watu wakadhani ni jina la kazi. Baba yao alipofariki, kaka mtu ndiye aliyeacha shule, akashika mwiko wa kujengea na kumlea. Kila gauni alilovaa Chiriku akiwa msichana lilitoka kwenye jasho la mgongo wa kaka yake.

"Wewe nyamaza," fundi alimwambia bila kumtazama. "Wewe nitaongea nawe nyumbani."

Kijiti alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayeogeshwa. Damu ilimtoka mdomoni ikachora mstari mwembamba kwenye shati lake jeupe. Huyu ndiye mtu ambaye nyimbo zake zilikuwa zikipigwa mluzi na vinyozi na kuimbwa na wafua nguo. Alianza kwa kupuliza tarumbeta jeshini, akajifundisha kuandika nota kwa mwanga wa mshumaa, akatunga nyimbo za sinema ambazo watu walizikumbuka hata sinema zenyewe zilipokwisha kusahauliwa. Sasa alikuwa na bendi yake, santuri zake zilikuwa kila nyumba yenye gramafoni, na kila Jumapili jioni redio ilimpa saa nzima. Waliomwona akiongoza, kile kijiti chembamba kilichompa jina kikikata hewa, walisema mtu yule akinyanyua kidole hata mvua husubiri.

Walisema pia kwamba ana hasira. Aliwahi kumtupia mpiga ngoma kiti kwa sababu ya kuchelewa pigo moja. Mara nyingine alimpasua mdomo mpiga gitaa. Watu walicheka, wakasema ndivyo walivyo wenye vipaji. Chiriku naye alicheka.

"Shemeji," Kijiti alisema akijipangusa damu, "tukae tuzungumze."

"Shemeji yako nani?" Fundi alimshika ukosi wa shati, akamnyanyua. "Jana niko juu ya ukuta, nimeshika tofali, redio ya jirani inaimba. Mara namsikia mtangazaji: wimbo huu mtunzi anamwimbia mke wake mtarajiwa, Chiriku. Mke! Vibarua wangu wote wakaweka ndoo chini, wakanipigia makofi. Wananiambia, hongera fundi, dada yako kaolewa hewani, pilau itapikwa kwa betri?"

Mmoja wa wapiga tarumbeta alicheka kidogo, akajuta papo hapo.

"Nilikosea," Kijiti alisema. "Furaha ilinizidi. Lakini nampenda. Nimetuma wazee, mmewafukuza. Nimekuja mwenyewe, mmenifungia mlango. Nifanye nini zaidi?"

"Ufe, mhuni wewe!"

Ngumi ya pili ilimtupa kwenye ngoma. Matoazi yakaanguka na kupiga kelele ambayo isingeandikika kwenye nota yoyote. Mzee mpiga piano, ambaye alikuwa na Kijiti tangu siku za jeshi, alisimama akasema, "Jamani, jamani, sisi ni watu wazima," na fundi akaipiga teke besi kubwa iliyokuwa njiani. Mbao zake zikapasuka, nyuzi zikakatika kwa mlio wa kuumiza meno. Mwenye besi akapiga magoti karibu nayo kama mtu aliyefiwa. Hakuna mwingine aliyethubutu kusogea.

Fundi alimfikia Chiriku, akamshika mkono. "Twende nyumbani."

"Siendi."

"Nimesema twende."

"Na mimi nimesema siendi! Kaka, unaniumiza. Niache, unaniumiza!"

Alimvuta. Viatu vyake virefu viliteleza jukwaani, kimoja kikachomoka, gauni likachanika begani. Akageuza uso, akamtafuta Kijiti kwa macho, kama alivyomtafuta kila wimbo ulipotaka kuanza. Mtazamo ule ndio uliokuwa umewaunganisha kabla hata hawajazungumza neno la mapenzi: yeye kwenye kipaza sauti akisubiri, huyu mbele yake akimwambia kwa jicho, sasa, mpenzi, imba.

Kijiti aliuona. Akainuka kutoka kwenye ngoma, mkono wake ukapapasa ukutani pembeni, ukakutana na stendi ya chuma ya kuwekea nota.

Alimpiga fundi begani kwanza. Fundi alimwachia dada yake, akageuka, na chuma kikampata juu ya sikio. Alianguka taratibu, magoti kwanza, kisha uso. Hapo ugomvi ulikuwa umekwisha. Kila mtu ukumbini aliona kwamba umekwisha, isipokuwa mmoja.

Kijiti alipiga tena. Alipiga mgongoni, alipiga kwenye mbavu, na kila pigo alisindikiza kwa neno. "Mhuni! Mimi! Mhuni! Mimi!" Uso wake ulikuwa umebadilika, midomo imevutika, macho hayana mtu ndani. Chiriku aliyajua macho yale yakiwa na usingizi, yakiwa na wimbo mpya, yakiwa yamemjaa yeye. Haya hakuyajua.

"Basi! Kijiti, basi! Utamuua!"

Hakusikia. Chiriku akajitupa juu ya kaka yake, akamfunika kichwa kwa mkono wake wa kushoto, na chuma kikashuka.

Mfupa ulipovunjika, hata waliokaa nyuma kabisa waliusikia.

Chiriku hakupiga kelele. Alifungua mdomo, na mwimbaji yule ambaye sauti yake ilikuwa ikifika mtaa wa tatu hakutoa hata pumzi. Alimtazama Kijiti. Kijiti alitazama mkono uliopinda mahali pasipo na kiungo, akatazama chuma alichokishika, na uso wake ukarudi, lakini ukarudi kwa kuchelewa.

"Mungu wangu," alisema. "Chiriku. Chiriku, sikukuona."

"Najua," alijibu kwa sauti ndogo sana. "Hukuwa unamwona mtu yeyote."

* * *

Hospitalini wote watatu waliwekwa kwenye korido moja, kwa kuwa vyumba vilikuwa vimejaa. Fundi mwashi alilala kwenye kitanda cha magurudumu, kichwa kimeshonwa na kufungwa bendeji kubwa, mbavu zikimkataza kuvuta pumzi vizuri. Chiriku alikaa kwenye benchi, mkono umefungwa plasta mbichi ambayo bado ilikuwa inafuka joto. Kijiti alikaa mwisho wa benchi hilohilo, mdomo umevimba, akitazama sakafu. Nesi aliyewahudumia alikuwa mpenzi wa dansi. Aliwatambua, akaenda kuwaletea maji.

Mama yao alifika jua likianza kushuka, khanga imefungwa ovyo, kandambili mguu mmoja nyekundu na mwingine bluu. Alimgusa mwanawe kichwani, akamgusa binti yake shavuni, kisha akasimama mbele ya Kijiti.

"Wewe ndiye uliyemvunja mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Yupi kati yao?"

"Wote wawili."

Mama aliinua kiganja akampiga kofi, kofi la mwanamke aliyechapa nguo kwenye jiwe maisha yake yote. Kijiti hakukinga uso. Mama akasubiri, kama anayetaka kuona atafanya nini. Kisha akaenda kukaa kando ya binti yake.

"Umeona sasa?" fundi alisema kutoka kitandani, maneno yakimtoka kwa vipande. "Mama, umeona? Nilisema wanamuziki ni walewale. Dada yetu mkubwa alirudi taya limevunjwa na yule mpiga tarumbeta wake. Nikasema huyu mdogo sitakubali, hata kwa damu. Mkaniita mkorofi. Haya, tazameni huo mkono!"

Kijiti alijikunja kama aliyechomwa. Chiriku akageuka polepole, kwa sababu kila alipogeuka mkono ulimchoma.

"Malizia hadithi, kaka."

"Hadithi gani?"

"Ya dada mkubwa. Umeishia njiani. Alirudi taya limevunjwa, akasimama mlangoni kwetu na kifurushi chake. Nani alimfungulia?"

Fundi alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Mimi nilikuwa dirishani," Chiriku aliendelea. "Nilikuwa mdogo lakini sikuwa kipofu. Ulimfungulia wewe. Ukamwambia ametutia aibu. Ukampiga kofi palepale, kwenye taya hilohilo, majirani wakitazama. Akaokota kifurushi, akaondoka, na mpaka leo hatujui amelala wapi. Unasema wanamuziki ni walewale. Na waashi je?"

"Nilikuwa kijana," fundi alisema. "Baba hayupo, kila mtu ananicheka. Sikujua la kufanya."

"Ukajua kupiga."

Mama alianza kulia bila sauti, machozi yakishuka tu. Kwa miaka yote ile jambo lile lilikuwa halitajwi nyumbani, kama shimo uani ambalo kila mtu amezoea kulizunguka. Fundi aligeuza uso ukutani. Mabega yake makubwa yakaanza kutikisika, na haikujulikana ni mbavu zinazouma au ni nini.

Hapo ndipo askari alipofika. Alikuwa mtu mnene, mpole, na mara moja alimtambua Kijiti.

"Lo! Mtunzi mwenyewe!" alisema. "Mke wangu akiniona nazungumza nawe hatanisemesha wiki nzima kwa wivu. Haya, nimeambiwa kuna watu wameanguka. Mwenye ukumbi anasema jukwaa lina utelezi."

Mzee mpiga piano, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alidakia haraka. "Naam, afande. Utelezi mbaya sana. Bendi nzima itakueleza hivyohivyo."

Askari akamgeukia Chiriku. "Ni kweli, dada? Uliteleza?"

Chiriku alimtazama Kijiti, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbini Kijiti akainua macho. Walitazamana. Kila kitu kilikuwemo katika kutazamana kule: asubuhi walizokaa kwenye piano moja wakigombea neno, mkono wake ukimwonyesha mahali pa kuvuta pumzi, siku aliyomwambia, "Nyimbo zangu zote za zamani nilikuwa nazibahatisha, nilikuwa sijakuona." Alimpenda. Hata sasa, mfupa ukiwa unatwanga ndani ya plasta kama kinu, alitaka kusogea benchini mpaka amfikie.

"Sikuteleza," alisema. "Kaka yangu alikuja kumpiga huyu, akamtoa damu, akavunja vyombo vya watu, akanivuta na kunichania nguo. Huyu akachukua chuma akampiga kaka. Kaka akaanguka. Alipokwisha kuanguka, akaendelea kumpiga. Nikaweka mkono, akanivunja. Hakunikusudia mimi. Lakini kuua alikusudia."

"Chiriku!" mpiga piano alisema kwa uchungu. "Binti yangu, unammaliza! Kazi ya maisha yake yote!"

"Babu, tumekuwa tukimfichia hasira zake tangu lini? Viti, midomo ya watu, tukicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Na leo tumefika hapa."

Askari alivua kofia, akajikuna kichwa. Haikuwa kazi aliyoitaka. "Bwana mtunzi," aliuliza, "unasemaje?"

"Ni kweli yote," Kijiti alisema. Akasimama, akanyoosha mikono mbele yake ili afungwe. "Afande, naomba neno moja naye."

"Sema hapohapo ulipo."

"Chiriku, nitaacha muziki. Nitavunja kijiti, nitachoma nyimbo zote, nitafanya lolote—"

"Usiache kitu." Alisema hivyo kwa ukali, na machozi yaliyokuwa yamekataa tangu mchana yakamtoka. "Nyimbo zimenikosea nini? Nyimbo ndizo zilizonipa chakula, ndizo zilizonipa wewe. Usiunguze kitu chema ukadhani umelipa. Ninataka uwe mtu ambaye sitamwogopa. Hicho tu. Kama hukiwezi, basi usirudi."

Askari alimgusa bega. Walipofika mwisho wa korido, Kijiti aligeuka. Chiriku alikuwa bado anamtazama. Hakuna aliyepunga mkono.

Mama alimpangusa binti yake uso kwa ncha ya khanga. "Na bado unampenda?" alinong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Pole, mwanangu," mama alisema, akamlaza kichwa begani mwake.

* * *

Hakimu aliwahukumu wote wawili. Fundi mwashi alifungwa kifungo kifupi kwa kuvamia na kuvunja vyombo, Kijiti kirefu zaidi. Magazeti yalikula siku hizo yakashiba. Redio haikumwita tena Kijiti, ikawaita wapigaji wake, na mzee mpiga piano akawa anaongoza akiwa ameketi, kwa kutikisa kichwa. Chiriku aliimba na plasta, kisha akaimba bila plasta. Mkono ulipona, ingawa haukunyooka tena sawasawa.

Kaka yake alitoka kwanza. Hakuomba msamaha, hakuwa na maneno ya namna hiyo. Alikaa siku mbili bila kwenda kazini, kisha akafunga nguo zake kwenye mfuko akamwambia mama anaenda kumtafuta dada mkubwa, hata kama ni kwa kuuliza nyumba hadi nyumba. Chiriku alimsindikiza mpaka stendi ya mabasi. Walipoagana, fundi alitaka kumshika kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani, akasita, akauliza, "Naweza?" Chiriku akainamisha kichwa.

Kijiti alikuja siku ya kawaida, saa za mchana, mikono mitupu. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza kuwa na mvi pembeni. Mama alimfungulia, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Subiri hapo," na akamwita binti yake. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akaanza kuchambua mchele, na kila mtu alijua kwamba haendi popote.

Chiriku alitoka akiwa na khanga ya nyumbani, bila poda, bila viatu. Moyo ulimpiga mpaka akaona haya, akidhani unasikika.

"Umekonda," alisema.

"Chakula chao hakina kiitikio."

Alitaka kucheka. Akacheka kidogo. Kijiti naye akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe.

"Nimetunga kule," alisema. "Sijaleta. Sikutaka usikie wimbo kabla hujaniona mimi. Na kuna jamaa mmoja kule alinitukana kila siku, alimtukana mama yangu, alikutukana wewe. Sikumgusa. Nilitaka, Chiriku, nisikudanganye. Nilitaka mpaka mikono ikaniwasha. Sikumgusa."

Chiriku alimwamini. Hilo ndilo lilimshangaza, jinsi alivyomwamini upesi. Angeweza kupiga hatua moja tu, na mambo yote yangekuwa yamekwisha, kifua kile kingekuwa chake, na harufu ile ya sabuni na tumbaku iliyomnyima usingizi.

"Nyanyua mkono," alisema.

"Nini?"

"Nyanyua mkono wako wa kulia. Juu. Ghafla, kama unavyofanya unapotaka tarumbeta ziingie."

Kijiti hakuelewa, au alielewa mno. Mama aliacha kuchambua mchele. Kijiti akanyanyua mkono.

Chiriku aliruka nyuma. Hakuamua, mwili uliamua peke yake. Mgongo wake ukagonga ukuta, na mkono wa kushoto, ule uliopinda, ukawa tayari juu ya kichwa.

Wote watatu waliona. Kijiti aliushusha mkono wake pole pole, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala. Macho yalimjaa maji.

"Bado," Chiriku alisema. "Nimejaribu, sikufichi. Mimi nimeshakusamehe, lakini huu mkono bado."

"Nije tena?"

"Njoo mwezi ujao. Mchana, kama leo."

"Na kama mwezi ujao pia ni bado?"

"Utakuja unaofuata. Au utachoka."

"Sitachoka," alisema Kijiti. Akamwinamia mama kwa heshima, akamuaga, akatoka.

Chiriku alibaki kwenye kizingiti akimtazama anavyokwenda, mgongo ule alioujua, mwendo ule unaohesabu pigo hata mahali pasipo na muziki. Jina lake lilimjaa mdomoni. Hakuita. Alisimama pale mpaka mtunzi wa kila wimbo aliowahi kuupenda alipokata kona. Ndipo mama alipomwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Njoo ukae, mwanangu. Mwezi si mbali."